Mto Usiofika Pwani

Mto wa Mdomoni haufiki pwani. Mwambie mtu wa mjini neno hilo uone atakavyokucheka. Jecha alishachekwa sana tangu walipohamia Mkunazini. "Mto gani huo usioijua bahari, na kisiwa chenyewe ndo hiki, ukitema mate yanafika pwani?" Lakini ndivyo ulivyo. Unatoka huko juu kwenye mabonde ya mpunga, unakuja taratibu, unapita nyuma ya skuli, nyuma ya msikiti, nyuma ya majiko ya watu, halafu ukifika kwenye mawe unaingia chini ya ardhi na habari yake inaishia hapo. Pale unapoingilia pana tundu kwenye jiwe, upana wake kama mlango wa nyumba uliolazwa chini, na tundu hilo ndilo mdomo. Mji wenyewe umepata jina hapo. Ndiyo, mji. Jecha hakubali mtu auite kijiji. Barabara ya lami ilipita katikati, kulikuwa na kinu cha kusagia, duka la Mpemba, mafundi vespa wawili waliokuwa hawasemeshani, na banda la kutazamia mpira lenye viti vya plastiki. Mahali penye vyote hivyo si kijiji hapo.

Sasa masika ya mwaka mmoja mdomo ule ulikataa kumeza.

Watu wakisikia mafuriko wanadhani maji yanakuja kwa kishindo, yanabeba ng'ombe na magari. Ya Mdomoni hayakuja hivyo. Mvua ilinyesha, mto ukaja umeshiba, ukafika kwenye mdomo ukakuta umezibwa, ukageuka kurudi majumbani polepole kama mtu aliyesahau kitu. Asubuhi kuku walikuwa juu ya paa la choo. Mchana maji yako kwenye kizingiti. Alasiri Jecha kambeba bibi yake mgongoni, maji yanamfika kiunoni, na bibi huko juu anamsimanga: "Polepole, mume wangu, unanibeba kama gunia la mbatata."

Hakufa mtu, alhamdulillahi. Lakini mji ulitawanyika. Mama yake Jecha aliwachukua wadogo zake akaenda nao kwao Makunduchi. Baba yake, Ustadh Ubwa, alipata kusomesha katika chuo kimoja mjini, na bibi, Bi Mwanamwema, alichukuliwa na shoga yake wa zamani, Bi Muzna, aliyekuwa na nafasi ghorofani kwake Mkunazini. Wazee wake Bi Muzna walikuwa na shamba la minazi karibu na Mdomoni zamani hizo, enzi za mashamba ya watu, na yeye na Bi Mwanamwema walijuana tangu wakicheza kombolela. Shamba halipo tena, ila ushoga ulibaki. Jecha, aliyekuwa ametoka kumaliza kidato cha nne na hana la kufanya, alifuatana na bibi yake.

Wallahi hakuna kilichomtesa kama zile ngazi za kwa Bi Muzna. Si kwa kupanda, ana miguu yake. Kilichomtesa ni kumwona bibi yake amekaa juu kule hashuki. Mwanamke aliyekuwa akiamka alfajiri anafagia uwanja mpaka barabarani, anagombana na mbuzi wa watu, anajua nani kapika nini kwa harufu, sasa kakaa dirishani anatazama ukuta wa jirani. Mvua za vuli ziliponyesha alisogeza kiti, akatoa mkono nje ukaroa.

"Hii mvua ya hapa mie siielewi," alisema. "Naisikia kwenye bati, naisikia kwenye bomba, halafu siioni inakokwenda."

"Inakwenda baharini, Mwanamwema," Bi Muzna akamjibu kutoka jikoni. "Kama mvua zote za watu wenye akili."

Naye Jecha alikuwa na yake. Usingizini anasikia vyura. Akiamka ni feni. Alikuwa akipita Darajani penye kelele zote zile, mara anasimama katikati ya njia kwa sababu kapita mtu kabeba muwa mbichi, na harufu ya muwa mbichi kwake yeye ni ukingo wa mto, ni miguu kwenye tope, ni mtu kunadi "Jechaaa, mamako anakwita!" Vijana wenzake wa mtaani walimwambia aende Paje akatafute kazi mahotelini, huko pesa ipo na upepo upo. Alikuwa akisema nitakwenda, nitakwenda. Hakwenda.

Ijumaa moja, wamekaa kwenye mkeka wanakula, Ustadh Ubwa akasafisha koo.

"Mama. Kuna mtu anakitaka kiwanja cha Mdomoni. Anataka pa kufyatulia matofali."

"Akafyatue kwao."

"Nyumba imekaa majini tangu masika, mama."

"Na mie nimekaa ghorofani tangu masika. Mbona mie hujanitafutia mtu?"

Bi Muzna alicheka mpaka akapaliwa. Ustadh hakucheka. Alikuwa mtu mpole, sauti yake haipandi hata akigombeza wanafunzi, ila neno lake akishalisema limekaa. "Masika mengine hayo yanakuja. Siwezi kukurudisha pale nikakaa huku naomba Mungu usife maji."

"Na mdomo ukizibuliwa je?" Jecha akauliza.

Ungedhani katukana. Bibi aliacha tonge mkononi. Baba mtu akaisukuma sahani.

"Nani atauzibua?"

"Mimi."

"Huyu kutandua kitanda chake hajui," Bi Muzna akasema, lakini taratibu, kwa sababu na yeye alikuwa anajua kwamba neno lililotajwa pale lilikuwa halitajwi.

"Haya," Ustadh akasema. "Maji yakitoka uwanjani kabla ya masika, bibi yako namrudisha, na mama yako na wadogo zako nakwenda kuwachukua Makunduchi mie mwenyewe. Yasipotoka, nampa mtu kiwanja, na neno hili lisirudi tena hapa."

Akanawa, akaondoka.

Kwa nini lilikuwa halitajwi? Lazima urudi nyuma kidogo, wakati Jecha ni mtoto wa kuvaa kaptura isiyo na kifungo.

Zamani hizo, kila mwaka kiangazi kikikaribia kwisha, kulikuwa na siku ya kuzibua. Kila nyumba inatoa mtu na jembe. Kiongozi alikuwa babu yake Jecha, Mzee Usi, mtu mrefu mwembamba, na upondo wake mrefu kama wa kusukumia mitumbwi, ijapokuwa mtumbwi wenyewe Mdomoni haujapata kuonekana. Kijana mmoja anafungwa kamba ya makumbi kiunoni, anashuka mdomoni, anatoa magogo na majani na matope yaliyoganda, wenzake juu wanavuta ndoo. Wanawake wako upande wa juu wanapika, wali wa nazi na mchuzi wa papa, masufuria ya kukopwa msikitini. Watoto kila mmoja na kifuu chake. Mdomo ukishafunguka wanavitia vifuu mtoni pale kwenye daraja dogo la barabara, halafu mbio ukingoni, wanapiga kelele, wanaanguka, na ambaye kifuu chake kimemezwa mwanzo ndiye anayekula ukoko. Jecha aliupata ukoko mara moja tu maishani. Mpaka leo akila wali wa mjini, wa jiko la umeme usioshika chini, anaona kadhulumiwa.

Na kabla mtu hajashuka, Mzee Usi alikuwa akiweka chetezo juu ya lile jiwe, anatia ubani, moshi unatanda, ndipo anasema "haya, bismillahi."

Chetezo hicho ndicho kilicholeta balaa. Ubwa alirudi masomoni Sudani na shahada yake na ndevu zake, akapewa kusomesha chuo cha pale pale Mdomoni. Ijumaa moja akasimama baada ya sala akasema watu wasifukize jiwe, jiwe halidhuru wala halinufaishi, ni ushirikina. Hakumtaja mtu. Lakini msikiti mzima uligeuka kumtazama Mzee Usi. Mzee aliinuka, akavaa makubadhi yake, akaenda nyumbani akautundika upondo darini.

Mwaka ule hapakwendwa. Waliokuwa upande wa Ustadh walingoja Mzee aje na upondo bila chetezo. Waliokuwa upande wa Mzee walingoja Ustadh amtake radhi baba yake. Mwaka wa pili kadhalika. Ustadh alisema waziwazi, mie sikukataza majembe, nimekataza ubani, nendeni mkazibue. Nani aende bila Mzee? Mwaka wa tatu watu wakazoea, na walipozoea wakaanza kutupa taka. Chupa za maji, pempasi za watoto, vifusi vya waliokuwa wakibomoa nyumba za udongo kujenga za matofali. Baba na mtoto walikaa nyumba moja, wakala sinia moja, wakasalimiana asubuhi na jioni, na juu ya mto hawakusemeshana hata neno. Mzee Usi akafa hivyo hivyo, masika mawili kabla ya mafuriko.

Basi Jecha alikwenda Mdomoni.

Alishuka barabarani akasimama, hakujua aanze kulia au kucheka. Banda la mpira lilikuwa bati na nguzo. Kinu kimya. Ukuta wa duka la Mpemba una mstari wa tope usawa wa kifua chake, umenyooka kama uliopigwa kwa rula. Na nyuma ya msikiti, pale palipokuwa na ukingo na mawe na migomba, palikuwa na ziwa. Kijani, limetulia, chupa zinaelea, mbu wanaimba. Lilienda mpaka kwenye ngazi ya nyumba yao. Nyumba yenyewe ilisimama inatazama maji kama mgeni asiyekaribishwa.

Aliyekuwa amebaki ni Ame, fundi mwashi, nyumba yake ipo juu kwenye kilima. Alimkuta anachonga jiwe.

"Shikamoo, mjomba Ame."

"Marahaba. Khaa, Jecha wewe? Umenenepa, kumbe mjini kuna chakula."

Jecha akamwambia alichojia. Ame alimsikiliza, akatua nyundo, akampeleka ukingoni.

"Haya, nioneshe mdomo uko wapi."

Jecha akanyosha kidole. Halafu akakihamisha. Halafu akakishusha. Alikuwa akiujua kwa mawe yake na mkuyu uliokuwa karibu, na sasa mkuyu umeanguka na mawe yako chini ya maji. Akavua shati, akaingia na jembe, akapapasa kwa miguu mpaka jua likamchoma kichwani. Alitoa ndara moja na beseni lililopasuka.

"Hata mie sijui hasa," Ame alimwambia alipotoka. "Sisi tulikuwa wa juu, wa kuvuta kamba. Aliyekuwa akijua ni babu yako, na yule aliyekuwa akifungwa."

"Nani aliyekuwa akifungwa?"

Ame akamtazama kuona kama anafanya mzaha. "Baba yako, tena! Ujana wake wote, mpaka alipokwenda Sudani. Waliomfuatia walishuka tu pale babu yako alipowaonesha. Mle ndani alikuwa kama kwake. Tunamwita atoke chakula kinapoa, hatoki, mpaka tumvute kwa nguvu na matusi juu."

Jecha alirudi mjini na neno hilo kifuani. Alijaribu kumchora akilini baba yake, Ustadh Ubwa wa kanzu nyeupe asiyepita hata kwenye kidimbwi cha Mkunazini bila kuinua pindo, amefungwa kamba, tope mpaka puani. Picha haikuja.

Alimkuta anapiga pasi.

"Baba."

"Naam."

"Mle ndani ya mdomo kukoje?"

Pasi ilisimama juu ya kanzu. Ilisimama mpaka harufu ikaanza kutoka, na Jecha ndiye aliyeiinua.

"Nani kakwambia?"

"Mjomba Ame."

Ustadh aliitazama ile kanzu, doa la rangi ya chai begani, akakaa kitandani. "Baridi," alisema mwisho. "Huku nje jua linaunguza, mle ndani baridi, na kuna upepo unatoka chini. Kunanuka popo, harufu mbaya sana, mwanzo unataka kutapika. Ukizoea ukanyamaza, unausikia mto huko mbali, kama watu wanazungumza chumba cha pili. Nilikuwa nikikaa nausikiliza." Akajipangusa uso. "Baba alikuwa akipiga upondo mara tatu juu ya jiwe, maana yake toka sasa, usitutie wasiwasi."

Jecha alikuwa hajapata kumsikia akisema "baba" kwa sauti ile.

"Jumapili," Ustadh akasema. "Waambie watu waje na mapauro ya kuzolea tope na kamba mpya. Na chetezo nisikione."

Kuwaambia watu ndiyo ilikuwa kazi. Walikuwa na grupu la simu, Asili ya Mdomoni, ambalo kwa kawaida lilikuwa la kutangaziana maziko na maulidi. Jecha alipoandika tu, likaripuka. Huyu yuko Bububu, yule yuko Fuoni, yule yuko Kizimkazi anapeleka wageni kutazama pomboo, lakini wote walikuwa na maneno. Mmoja katuma ujumbe wa sauti, wakienda bila ubani mto utawachukia. Mwengine akajibu, mto una pua? Wa tatu akasema atakuja ikiwa wali utakuwa wa nazi, na sio wa mafuta kama wa harusi ya Sumaiya. Sumaiya mwenyewe alikuwemo grupuni. Mpaka saa za Alfajiri walikuwa bado kwenye wali wa Sumaiya, na Jecha kalala na simu kifuani akijua hatakuja mtu.

Walikuja. Jumapili asubuhi gari moja lilisimama, likafuatia jengine, watu wanashuka na majembe yamefungwa magunia, wanakumbatiana, wanaulizana nani kafa nani kaolewa. Wale mafundi vespa wawili walifika wamepakiana vespa moja, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Wanawake walikwenda moja kwa moja upande wa juu, kwenye mafiga ya zamani, kama waliondoka jana. Jecha alisimama kando akiwatazama. Watu wale wale, mahali pale pale, sauti zile zile. Kasoro yule mrefu mwembamba.

Ustadh Ubwa alikuja na fulana na msuli umekunjwa. Watu wakampisha. Ame akatoa kamba, akamfunga kiunoni, mikono yake inakumbuka fundo lenyewe, hata hakutazama.

Hapo ndipo gari la tatu lilipofika, akashuka Bi Muzna, akamshusha Bi Mwanamwema, na Bi Mwanamwema kashika kitu kimefungwa kwenye kanga.

Alikwenda mpaka ukingoni, akaifungua. Chetezo. Kile kile cha Mzee Usi, kimekatika sikio.

"Mama," Ustadh akasema.

"Naam, mwanangu."

"Tulisemaje?"

"Ulisema na Jecha. Mie hukusema na mie." Akachutama, akamwita mtu amletee kaa la moto kutoka mafigani. Hakuna aliyetikisika. Wengine walikuwa wanamtazama Ustadh, wengine wanatazama majembe yao, na Jecha aliona waziwazi namna siku ile itakavyovunjika, watu watakavyorudi garini mmoja mmoja, na yule mtu wa matofali atakavyopewa kiwanja chake.

Akaenda yeye kuchukua kaa. Hakujua yuko upande gani. Alikwenda tu, akalileta kwa koleo.

"Jecha!" baba yake akasema.

Bi Mwanamwema alitia ubani. Hakwenda jiweni, na jiwe lenyewe lilikuwa chini ya maji. Alikiweka chetezo pale penye watu, upande upepo unakotokea.

"Unanusa uozo huu?" akamwambia mwanawe. "Ukishauchokoa utanuka mara kumi. Unataka watu watapike, halafu wali uliwe na nani? Babako alikuwa hastahamili harufu ya popo. Tangu ujana wake. Mwaka wa mwanzo aliotiwa kuongoza alitapika mbele ya watu, ndipo nilipompa chetezo changu cha arusi nikamwambia weka karibu na tundu. Basi. Mambo yenyewe ndo hayo."

Ustadh akamgeukia, kamba yake kiunoni.

"Mbona hakusema?"

"Ulimuuliza? Ulimsimamia msikitini ukamwita mshirikina, na watu wote wanamtazama. Akujibu nini pale, kwamba yeye mtu mzima anatapika kwa mavi ya popo?"

Mtu mmoja alicheka, akajizuia. Halafu Ame akacheka, hakujizuia. Kicheko kikaenda, kikapanda mpaka kwa wanawake wa juu waliokuwa hawajui kinachochekwa. Ustadh hakucheka. Alikuwa akikunja msuli wake upya. Ikiwa ni kweli alivyosema bibi, au kayatunga pale pale garini kutoka mjini, Jecha mpaka leo hajui. Alimtazama usoni na bibi yake alikuwa anapuliza kaa tu.

"Bismillahi," Ustadh akasema, akaingia majini.

Hakupapasa. Alikwenda moja kwa moja, hatua zake za mtu anayekwenda chumbani kwake gizani, akasimama mbali kabisa na pale Jecha alipochimba. Akaushika upondo wa baba yake, alioushusha Jecha darini asubuhi ile, akauzamisha. Ukagonga jiwe. Akausogeza, ukagonga. Akausogeza tena, ukazama mpaka mkononi.

"Hapa."

Basi bwana, kazi ilianza. Walitoa godoro. Walitoa mlango mzima na kitasa chake. Walitoa magunia ya vifusi, matawi, chupa mpaka zikawa kilima, na pempasi zilizowafanya vijana wa mjini wakimbie kando, na kweli kabisa, uozo ulipochokolewa kila mtu alisogea penye ubani, wa upande huu na wa upande ule, wanabanana kwenye moshi mmoja. Bi Muzna alikaa kitini na kitambaa puani anatoa amri ambazo hakuna aliyezifuata. Ustadh alizama, akaibuka, akazama. Kila akikawia Jecha anakaza kamba mkononi.

Adhuhuri ilipokaribia, kifusi cha mwisho kilichobana kikang'oka. Mwanzo hakikutokea kitu. Halafu chupa moja iliyokuwa ikielea karibu ikageuka. Ikazunguka polepole, ikazunguka haraka, ikasimama wima, ikapotea. Na chini ya ardhi kukasikika sauti, gluu, nzito, kama ng'ombe anayekunywa.

"Mvuteni!" Ame akapiga kelele. "Mvuteni mtu huyo!"

Walimvuta wote kwa pamoja, mpaka wakaanguka chali mmoja juu ya mwenziwe. Ustadh Ubwa alilala kwenye tope na ndevu zake zimejaa majani, anahema, na alikuwa anacheka. Jecha alikuwa hajawahi kuyaona meno yake yote.

Maji yalichukua siku nzima kuondoka na usiku wake. Kesho yake walikwenda kuutazama uwanja. Ulikuwa tope tupu, unateleza, una samaki wadogo wamekufa. Ukuta wa nyuma wa nyumba ulikuwa umeanguka, chumba cha mwisho hakipo, jiko halipo, mipapai haipo. Jecha alitaka kumgeuza bibi yake arudi garini asione.

Bi Mwanamwema alivua viatu, akaingia. Akashika ukuta uliosimama, akaugonga gonga kama mtu anayechagua tikiti.

"Chumba hiki kinatosha," alisema. "Ubwa, kitanda changu ukilete kabla ya Ijumaa."

Na Ustadh, ambaye neno lake akishalisema limekaa, alikileta.

Si wote waliorudi. Wengi walisema wanakuja, wanakuja, wakabaki Fuoni na Bububu. Mafundi vespa walifungua mjini, duka moja. Banda la mpira halikujengwa tena. Jecha alikuwa ameota Mdomoni nzima, na aliyoipata ilikuwa nyumba chache zenye taa na nyingi zenye kufuli, na jioni kimya kinachokufanya uongee kwa sauti ndogo. Mama yake alirudi na watoto, akalaani tope, akapanda mchicha.

Masika yaliingia mchana mmoja bila hodi. Mawingu yalikuja kutoka upande wa mabonde, kukawa giza, mvua ikanyesha kama inayomwagwa kwa ndoo. Jecha na baba yake walitoka mbio na upondo bila kuambiana. Wakasimama kwenye mawe, wameroa chepe chepe, wanautazama mto unavyokuja mwekundu na matawi yake na povu lake. Ulipanda. Ulifika kwenye mawe ya chini, ukayafunika, ukafika ya katikati. Ustadh alikuwa anasoma kitu taratibu, midomo inacheza. Tawi likajibana mdomoni, akalisukuma kwa upondo, likaingia. Mto ukasita, ukazunguka, ukaanza kuteremka kwa ile sauti yake ya kunywa, na ukaendelea kunywa, na mawe ya katikati yakaonekana tena.

Hawakuondoka. Walisimama pale mpaka mvua ikawa nyembamba.

"Mama!" Ustadh akaita kuelekea nyumbani. "Unausikia?"

"Nausikia!" sauti ikatoka ndani. "Si nna masikio! Hebu njooni, mtapata homa halafu nani atawauguza, mie?"